Nitajuaje kama Ninaishi katika Neema?



Liko swali moja linaloulizwa sana siku hizi huku kwetu Katanga ya Juu: sokoni, kisimani, ndani ya gari la abiria, hata karibu na mlango wa kanisa baada ya Misa. Swali lenyewe ndilo hili: "Wewe umeokoka?" Mwenye kuuliza huwa na haraka. Ataka jibu la neno moja, ndiyo au la. Mkatoliki mmoja hujibu ndiyo kwa aibu tu, asije akadhaniwa kuwa mpagani. Mwingine hunyamaza, huenda zake, na usiku swali lamfuata kitandani: Je, kweli mimi ni mtu wa Mungu? Nimebatizwa, nimepata Kipaimara, nasali rozari. Lakini nina hakika gani?

Swali hili si la kucheka wala la kukasirikia. Ni swali kubwa kuliko maswali yote ya bei ya unga na bei ya kobalti. Mtu akikosa kujibiwa na Kanisa lake, atakwenda kutafuta jibu mahali pengine, na pengine atapewa jibu jepesi lisilofika mbali. Mimi ni mwalimu wa dini. Nilisoma miaka kadhaa seminarini kabla ya kuoa na kukabidhiwa kazi ya ukatekista, na jumuiya ninazozitembelea kwa baiskeli ziko upande wa Likasi, njia ya kuelekea Shinkolobwe. Basi nimeona vema kuwaandikia machache: yale tuliyofundishwa na Mama Kanisa, na yale niliyoyaona kati ya waamini wa huku.

JIWE LISILOHISIWA

Shinkolobwe ni jina lililofika duniani kote, ingawa wengi wanaolitaja hawajui liko wapi. Ni mahali pa miti ya miombo na vichuguu virefu kuliko nyumba, magharibi ya mji wetu wa Likasi ulioitwa zamani Jadotville, mwendo wa kilomita 20 hivi. Watu husimulia kwamba jina hilo ni la tunda fulani: likichemshwa, nje hupoa upesi, lakini ndani hukaa na moto wake, na mwenye kulibana huungua vidole. Asemwaye kuwa ni "shinkolobwe" ni mtu aonekanaye mpole kwa nje, kumbe ndani yake mna jambo.

Mwaka 1915 iligunduliwa hapo urani. Kuanzia mwaka 1921 kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilichimba mawe hayo, yakapelekwa Ubelgiji mpaka kiwanda cha Olen ili itolewe ndani yake radiumu, dawa iliyosifiwa sana siku zile. Ilipokuja Vita Kuu ya Pili, mawe ya Shinkolobwe yalipakiwa melini kwenda Marekani, na urani yake ikatumika kutengeneza bomu lililoangushwa juu ya mji wa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Mwaka 1960 mashimo ya mgodi yalifungwa. Baadaye watu wa dhiki walirudi na sururu kutafuta kobalti. Mwezi wa Julai 2004 shimo liliporomoka na kuua watu wapatao 8, na mwezi uliofuata makao ya wachimbaji yakabomolewa, watu wakatawanyika. Wengine wao wanasali leo katika jumuiya zetu.

Mtauliza: habari za urani zahusu nini na roho zetu? Zahusu jambo moja. Wale baba zetu waliochimba huko walishika mawe yale kwa mikono yao na kuyabeba mabegani. Hawakuhisi kitu. Jiwe la urani halina harufu, halitoi moshi, haliunguzi kiganja, na miale yake haionekani kwa jicho la mtu. Lakini nguvu yake ilikuwa ikifanya kazi mchana na usiku, mchimbaji akijua au asijue. Haikungoja kuhisiwa ili iwepo.

Basi nguvu hiyo ilijulikanaje? Ilijulikana kwa alama yake. Mwaka 1896, huko Paris, mtaalamu Henri Becquerel aliweka chumvi ya urani juu ya bamba la kupigia picha lililofungwa katika karatasi nyeusi, akavitia vyote ndani ya droo, gizani. Baada ya siku chache alilitengeneza lile bamba, akakuta alama juu yake. Jua halikufika humo, taa haikufika humo. Kilichopiga alama kilitoka ndani ya jiwe lenyewe.

Kila mfano una mpaka wake, na huu nao una wake. Miale ya urani huudhuru mwili, bali neema ya Mungu huiponya roho. Lakini fundisho lake ni zuri kwetu sisi tunaokaa karibu na mawe hayo. Kutohisi kitu si kusema kwamba kitu hakipo. Na jambo lisiloonekana laweza kujulikana kwa alama linayoiacha.

KUJIVUNA NA KUKATA TAMAA

Tusikie sasa Kanisa linasemaje. Mtaguso Mkuu wa Trento, katika kikao chake cha tarehe 13 Januari 1547, ulitangaza hati juu ya namna mtu anavyohesabiwa haki mbele ya Mungu. Humo tulifundishwa mambo mawili yanayokwenda pamoja kama magurudumu mawili ya baiskeli. La kwanza: hakuna mtu mwenye haki ya kusema, kwa hakika ileile tunayosadikia Utatu Mtakatifu, kwamba yeye yumo katika neema na atafika mbinguni, isipokuwa Mungu amemfunulia kwa njia ya pekee. La pili: hakuna mtu mwenye ruhusa ya kuwa na shaka juu ya huruma ya Mungu, mastahili ya Kristu, au nguvu ya sakramenti.

Angalieni jinsi hekima hii ilivyo. Tukijitazama wenyewe, tunaona udhaifu, na ni halali yetu kuogopa kidogo. Tukimtazama Mungu, hakuna cha kuogopa, kwa maana Yeye hasemi uwongo wala hachoki. Mtoto avushwaye kijito kilichofurika, mwezi wa Februari, akiwa juu ya mabega ya baba yake, hutetemeka. Vidole vyake ni vidogo, maji yana kelele. Lakini usalama wake hautegemei nguvu za vidole vyake. Wategemea mikono ya baba iliyomshika miguu. Mtoto akiulizwa, "Una hakika utafika ng'ambo?" hatajibu kwa kusifu vidole vyake. Atajibu, "Nipo na baba."

Kuna shimo upande wa kulia wa njia na shimo upande wa kushoto. Shimo moja ni kujivuna: mtu asema amekwisha kuokoka, basi hana haja tena ya kuungama, kukesha wala kupigana na dhambi. Shimo la pili ni kukata tamaa: mtu asema dhambi zake ni nyingi mno, Mungu amekwisha kumwacha, basi afanye apendavyo. Mashimo haya mawili yana chini moja, kwa kuwa katika yote mawili mtu ameacha kumtumaini Mungu: mmoja ajitumainia mwenyewe, na mwingine hamtumaini mtu yeyote. Katikati yake ipo njia, nayo yaitwa matumaini.

Msichana Yoana wa Arc aliijua njia hiyo. Mwaka 1431, katika mji wa Rouen huko Ufaransa, mahakimu walimtegea mtego. Walimwuliza kama ana hakika yumo katika neema ya Mungu. Akijibu ndiyo, watasema anajivuna kinyume cha mafundisho. Akijibu la, watasema amejihukumu mwenyewe. Yule binti wa miaka kumi na tisa hivi, asiyejua kusoma, alijibu kwamba kama hayumo, anamwomba Mungu amtie, na kama yumo, anamwomba Mungu amlinde asitoke. Basi, wasomaji wapenzi, kesho mtu akikuuliza sokoni kama umeokoka, jibu kama Yoana. Ni jibu la mtu mnyenyekevu, na ni jibu la mtu asiyeogopa.

MTOTO NA MTU MZIMA

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorinto kwamba aliwanywesha maziwa, kwa sababu walikuwa bado wachanga katika Kristu, hawajaweza chakula kigumu. Nasi huku twajua: mtoto huanza na maziwa, hupewa uji, na siku moja hukaa pamoja na wakubwa akamega bukari na sombe kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna mama anayemlaumu mtoto wa mwaka mmoja kwa kunywa maziwa. Lakini kijana wa miaka ishirini akilia maziwa, mama ataita mganga.

Utoto wa imani una alama zake. Mtoto huamini akishikiwa pipi. Vivyo hivyo mchanga wa imani humpenda Mungu wakati anapojisikia vizuri: ngoma zimelia, kwaya imeimba, machozi yamemtoka, basi Mungu yupo. Juma linalofuata ameamka mkavu, sala haina ladha, mtoto ana homa, shimoni hakupata kitu. Basi Mungu hayupo, na huenda kumtafuta katika nyumba nyingine yenye ngoma kubwa zaidi. Simlaumu. Mungu mwenyewe huwapa wachanga utamu mwingi mwanzoni. Lakini utamu ule ni maziwa.

Ndipo hufika siku Mungu anapomwachisha mtoto wake ziwa. Mtakatifu Theresia wa Mtoto Yezu, ambaye tangu mwaka 1927 ni msimamizi wa misioni zote, alionja jambo hilo. Kuanzia Pasaka ya mwaka 1896 giza lilimwingia. Mbingu, ambayo tangu utoto aliifikiri kwa furaha, ikawa kwake kama ukuta. Hali hiyo haikumtoka mpaka kufa kwake tarehe 30 Septemba 1897. Je, aliacha kusadiki? La. Aliendelea kusali, kutii, kuwahudumia masista wenzake na kuwatabasamia, na katika giza hilo alifanya matendo mengi ya imani. Kanisa halikusema kwamba imani yake ilikuwa imekufa. Lilimwandika kati ya watakatifu, na mwaka 1997 likamtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa.

Huku Katanga tuna kumbukumbu yetu juu ya mambo haya. Padre Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alifika Kongo mwaka 1933. Alihubiri miaka mingi, na baadaye katika makambi ya wafanyakazi wa migodi upande wa Kolwezi aliketi na watu, waume na wake, akawasikiliza. Aliwakuta Wakristu waliojua majibu ya katekisimu kwa moyo, lakini walijiona bado ni wageni katika nyumba ya Mungu. Katika mazungumzo yale waliyataja mambo ambayo mtu wa huku ayataka kuliko yote: uzima ulio kamili, kuzaa, na kuungana na wengine kwa mapendo. Padre aliona kwamba hayo yote yamo katika Kristu. Hivyo, katika miaka ya 1950, ilizaliwa Jamaa, ambayo wengi wa wazee wetu waliifuata. Baadaye vikundi vingine viliyumba, vikaachana na uongozi wa maaskofu, na hilo nalo ni fundisho: hakuna anayekomaa kwa kujitenga na nyumba ya wazazi wake. Lakini mbegu ile ilikuwa njema. Wazee wale walielewa kwamba mtu mzima katika imani hatambulikani kwa maneno mengi. Mtu mzima ni baba, au ni mama. Ana watu wanaoishi kwa sababu yake.

MAMA MMOJA MJANE

Katika jumuiya yangu moja yuko mama mjane. Jina lake silitaji. Mume wake alikufa shimoni wakati wa mvua, ardhi ilipolegea, akamwachia watoto wanne. Siku moja baada ya mafundisho alibaki nyuma, wengine walipokwisha kwenda, akasema:

"Mwalimu, mwanangu, nina neno. Jirani yangu amenileta kwa mhubiri wao. Mhubiri ameniuliza, je, nasikia moto wa Roho Mtakatifu ndani yangu? Nimemwambia ukweli, sisikii kitu. Tangu mume wangu azikwe, nikisali ni kama kusema na mlango uliofungwa. Amesema basi sina imani, na mume wangu pia amepotea. Wewe ulisoma kwa mapadre. Niambie, nimepotea?"

Seminarini nilijifunza hati ya Trento, na katika mtihani niliweza kutaja sura zake moja moja. Lakini mbele ya mama yule nilikaa kimya kwanza, kwani machozi yake hayakuwa ya mtihani. Kisha nikamwuliza: "Mama, yule mtoto mdogo aliyekuja nawe leo ni wa nani?"

"Si wangu. Ni wa jirani aliyekwenda Kolwezi kutafuta kazi, hajarudi. Ningemwacha wapi?"

"Anakula wapi?"

"Kwangu. Tunagawana kilichopo."

"Na yule mwenzake marehemu baba, aliyeficha fedha za mawe waliyouza pamoja, umemfanyaje?"

Alinyamaza kidogo. "Mwaka jana aliugua. Nilimpelekea uji. Moyo wangu haukutaka, Mwalimu. Miguu ndiyo ilikwenda. Njiani nilisema Baba Yetu, nikafika mahali pa kusamehe, nikasimama. Halafu nikamaliza, nikaendelea na njia."

"Na Misa?"

"Misa nitaiachaje? Nikiiacha nitakwenda kwa nani?"

Nikamwambia: "Mama, sikiliza. Mimi siwezi kukuandikia cheti cha mbinguni, wala mhubiri yule hawezi kukuandikia cheti cha motoni. Moyo wa mtu ausomaye ni Mungu. Juu ya marehemu baba, tumwombee na kumtolea Misa, na tumwachie Mungu aliyempenda kabla yako. Lakini Mtume Yohane ametupa kipimo: twajua kwamba tumepita kutoka mautini na kuingia uzimani kwa sababu twawapenda ndugu. Hakusema kwa sababu twasikia moto. Nani alikuwa akiisukuma miguu yako, moyo wako ulipokuwa hautaki? Nguvu ile haikutoka kwako, umesema mwenyewe. Hiyo ndiyo alama juu ya bamba."

Nilimweleza habari ya jiwe na bamba la picha, maana wote wa huku wayajua mawe. Hakuruka kwa furaha, wala hakusema kwamba mlango umefunguka. Alifunga kitambaa chake, akamshika mkono yule mtoto wa jirani, akasema, "Basi nitaendelea hivyohivyo." Mpaka leo aendelea. Nikimwuliza habari za sala, hujibu kwamba bado ni kavu. Lakini hasemi tena kwamba amepotea, na mwaka huu nimemwomba afundishe watoto wa Komunyo ya Kwanza pamoja nami. Watoto wale humsikiliza kuliko wanavyonisikiliza mimi.

KOMAVU HADI MWISHO

Huenda mtu atasema: matendo hayo ni madogo, uji na mtoto wa jirani. Naam, ni madogo, lakini hayo madogo ndiyo yamtayarishayo mtu kwa makubwa. Tazameni ndugu yetu wa nchi hii hii, Floribert Bwana Chui. Alizaliwa Goma mwaka 1981, akapata kazi katika ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa zinazopita mpakani. Wengine hapo wangefikiri wamepata shamba la kuvuna fedha. Walikuja watu wenye chakula kilichoharibika, wakitaka kipite kiuzwe, wakamtolea rushwa. Alikataa. Wakaongeza fedha, akakataa tena, kwa sababu chakula kile kingedhuru watu asiowajua, maskini wa sokoni. Mwezi wa Julai 2007 alitekwa, akateswa, akauawa, naye ana miaka 26 tu. Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, katika Basilika la Mtakatifu Paulo nje ya Kuta, Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenye Heri.

Sijui siku ile alihisi nini moyoni. Nadhani aliogopa kama sisi sote. Lakini twajua alikuwa amezoea kusali na marafiki wa jumuiya yake ya Mtakatifu Egidio, na kuwatunza watoto wa barabarani mjini Goma. Uaminifu wa mpakani haukuzaliwa mpakani. Ulizaliwa katika sala za jioni na katika sahani za wale watoto. Siku ilipombana, kilichokuwa ndani kilitokea, kama lile tunda la Shinkolobwe ambalo nje limepoa na ndani lina moto. Vivyo hivyo Mwenye Heri Anuarite, sista kijana aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964 kwa kulinda nadhiri yake: yale makubwa yalikuja juu ya miaka ya utii mdogo mdogo wa konventini.

TUFANYE NINI BASI?

Wapenzi wasomaji, msiseme nimewaacha bila dawa. Nawapeni mambo manne ambayo mtu yeyote aweza, mwenye kusoma na asiyesoma.

Kwanza, tusali kila siku kwa saa yetu, tukiwa na hamu au tusiwe nayo. Sala kavu ina thamani kubwa, kwa sababu mtu amekuja kwa ajili ya Mungu, wala si kwa ajili ya utamu.

Pili, tusikae mbali na Kitubio na Ekaristi. Hapo hatutegemei kuhisi kwetu, twategemea neno la Kristu. Padre anapotuondolea dhambi, zimeondolewa, hata kama moyo bado ni mzito kama gunia la mawe. Mwenye kutaka hakika, aitafute hapo alipoiweka Bwana mwenyewe.

Tatu, jioni tuichunguze dhamiri, lakini tusihesabu dhambi tu. Tuulize pia: leo neema imeniwezesha jambo gani ambalo kwa tabia yangu nisingeliweza? Nilimsalimu nani niliyekuwa nikimkwepa? Niligawa nini nilichotaka kuficha? Tukiziona alama hizo, tusijisifu. Tumshukuru aliyezipiga. Na siku tusipoziona, tusikate tamaa, bali tuombe kama Yoana.

Nne, tupate mtu wa kumlea katika imani: mtoto wa ubatizo, mkatekumeni, jirani aliyeacha kanisa. Mtu hukomaa upesi anapokuwa na wa kumlisha. Mama asiyelala kwa ajili ya mtoto mgonjwa hana nafasi ya kujiuliza kutwa kama yeye ni mama. Kazi yake yamjibu.

Hakika ya Mkristu hukua polepole, kama mti wa mwombo usiooneka ukikua, hata siku moja watu wanakuja kukaa katika kivuli chake. Mwenyewe huenda asijue. Wale walio kivulini ndio wanaojua. Mungu aliyeanza kazi njema ndani yetu siku ya Ubatizo si kama mwenye mgodi anayefunga shimo na kwenda zake mawe yanapokwisha. Ataitimiza mpaka siku ya Kristu, kama Mtume alivyowaahidia Wafilipi. Sisi tusitoke mikononi mwake.

Bikira Maria, aliyesimama chini ya msalaba pasipo kuona bado ufufuko, atuombee.